Kiporo si Aibu, Aibu ni Kubagua

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, jambo ninalotaka kuzungumza huenda likaonekana dogo mbele ya mambo makubwa yanayoukabili Umma. Ni kikopo cha chakula anachofungiwa mtoto asubuhi aendapo shule. Lakini dini yetu haikuacha tonge wala kikombe bila ya kukiwekea adabu, na mara nyingi hali ya nyumba hujulikana kwa mambo madogo kama haya.

Siku moja, katika darasa la alasiri, nilimkemea binti mdogo aliyekuwa akisinzia wakati wa kudurusu. Nilimwambia maneno makali mbele ya wenzake. Baada ya darasa mwalimu wa kike akafungua mkoba wake, akakuta kikopo cha wali wa nazi, wa jana usiku, hakikuguswa. Wali umeshachacha. Mtoto alikuwa hajala tangu asubuhi. Alipoulizwa kwa upole alisema kwamba watoto wa nyumba anayolelewa, anaosoma nao darasa moja, huchukua maandazi na fedha ya kununulia juisi, na huwaambia wenzao: huyu hula viporo vyetu. Binti huyo ni yatima. Ninamuomba Allah anisamehe kwa kemeo langu, na yeye nimekwishamtaka radhi.

Niliposimulia kisa hiki bila ya kumtaja mtu, baadhi ya wazazi walisema: basi watoto wasifungiwe viporo kabisa. Kwa maoni yangu hukumu hii imekosea mahali pa kosa.

Kwanza, kiporo ni neema. Wazee wetu wa pwani walikiita mwiku au bariyo, wakakila asubuhi kwa chai bila ya kuona haya. Katika fiqhi mabaki ya chakula na kinywaji huitwa su'r, na wanazuoni wameyazungumzia katika milango ya twahara, wakabainisha kuwa mabaki ya mwanadamu ni twahara. Mtume (S.A.W.) alielekeza kuwa tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu na liliwe, asiachiwe shetani, kama alivyopokea Muslim. Na katika Suratul Israa aya ya 27 Allah (S.W.) amewahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Basi anayemwaga sahani ya wali mzuri usiku, kisha asubuhi akampa mwanawe fedha akanunue chipsi barabarani, amepoteza mara mbili.

Pili, neema hii ina masharti, na la kwanza ni usalama. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kufunika vyombo usiku. Leo wataalamu wanatufahamisha kuwa wali uliopikwa ukiachwa nje kwa saa nyingi huota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto asubuhi. Kwa hiyo chakula cha mtoto kitengwe mapema, kabla mikono haijaingia sahanini, kifunikwe na kiwekwe kwenye jokofu ndani ya saa mbili. Asubuhi kipashwe mpaka kitoe mvuke, na mtoto akile mapumziko ya saa nne, kisingoje alasiri ndani ya mkoba wenye joto. Asiye na jokofu asilaze wali wala mchuzi wa nazi kwa ajili ya mtoto. Apike kwa kipimo usiku, na asubuhi amchemshie muhogo au viazi. Kuokoa chakula si hoja ya kumlisha mtoto kilichoharibika.

Sharti la pili, nalo ndilo zito zaidi, ni uadilifu. Kiporo kikiliwa na wote nyumbani, baba, mama na watoto, hicho ni chakula cha familia. Kikitengwa kwa ajili ya yatima, mtoto wa ndugu kutoka shamba au mtumishi wa ndani, ilhali wengine wanakula kipya, hapo wali ule ule umegeuka kuwa alama ya unyonge. Allah (S.W.) katika Suratul Baqara aya ya 267 ametukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya, ambacho sisi wenyewe tusingelikipokea ila kwa kufumba macho. Ndugu yangu, jipime kwa aya hii kila asubuhi: kikopo hiki ningelimfungia mwanangu wa kumzaa?

Huenda mlezi akasema: mimi ninamlisha, ninamvisha na ninamsomesha, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Amesema kweli, na malipo yake ni makubwa, kwani Mtume (S.A.W.) ameahidi kuwa karibu na mlezi wa yatima Peponi kama vidole viwili vilivyo jirani. Lakini tuizingatie Suratul Fajr aya ya 17. Lawama iliyomo humo ni ya kutomkirimu yatima, na kukirimu ni zaidi ya kulisha. Tumbo laweza kushiba na moyo ukabaki na njaa. Na kuhusu mtumishi, Mtume (S.A.W.) ameelekeza alishwe katika kile anachokula bwana wake, kama ilivyo katika hadithi ya Abu Dharr.

Tatu, watoto wetu hawakuzaliwa na dharau, bali wameisikia mezani kwetu. Mtume (S.A.W.) hakukitia chakula ila kamwe: akikitamani alikula, na asipokitamani alikiacha. Mzazi anayekunja uso mbele ya kiporo humfundisha mwanawe kumcheka mwenziwe. Na sisi walimu tujifunze kuuliza kabla ya kukemea. Mtoto anayesinzia msahafuni huenda ana njaa.

Basi usiku wa leo, chakula kikibaki, kifunikwe. Na asubuhi vikopo vyote vya nyumba viwe na kitu kimoja, awe ni mtoto wa kuzaa au wa kulea. Kikiwa kiporo, kiwe kiporo cha wote. Kikiwa andazi, liwe andazi la wote.

Tunamuomba Allah (S.W.) atubarikie riziki zetu na atuepushe na israfu na dhuluma. Amin. Wabillahi tawfiq.