Chungu Kiinjikwe na Nani?



Juma hili ukurasa wetu wa nyumba unapanda bara hadi Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Huko wako dada zetu waliofuata kazi: walimu, wauguzi, makarani na wenye maduka. Mazungumzo yetu ni juu ya chakula cha jioni cha mama ambaye kutwa nzima yuko kazini.

Kibwezi si ugenini mtupu kwa watu wa pwani. Reli ya kwanza, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilipita hapo, na miji ya njiani kama Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Makindu ikapata misikiti na nyumba za Waislamu. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 nayo ina kituo Kibwezi. Hata hivyo, mama aliyelelewa katika nyumba yenye bibi, shangazi na mawifi hujikuta huko peke yake. Mikono iliyokuwa ikipokezana mwiko na mtoto haikupanda gari pamoja naye. Hutoka asubuhi mapema na kurudi saa kumi na moja jioni. Magharibi huadhiniwa yapata saa moja na nusu baadaye. Watoto wana njaa, na chungu hakijainjikwa.

Tuanze na neema iliyopo. Mbaazi tunazokula na mahamri asubuhi, aghalabu hazikuota pwani. Makueni, Kitui na Machakos ndizo kaunti zinazoongoza nchini kwa kilimo cha mbaazi, kwa kuwa mmea huo una mizizi mirefu na hustahimili ukame. Huko huko ndiko kwenye pojo, ambazo wenyeji huziita ndengu, na kunde, mtama na mahindi. Nazi husafiri kutoka Kilifi na Kwale kwenda juu, nazo mbaazi huteremka kuja chini. Zikakutana katika sufuria moja, hicho ndicho chakula chetu. Kwa hiyo dada aliye Kibwezi anaishi mlangoni mwa ghala. Shida yake ni kwamba nafaka kavu hutaka muda mrefu jikoni, na muda ndio alio na uhaba nao.

Kuna tofauti, hata hivyo, baina ya muda wa chakula na muda wa mpishi. Mbaazi zilizorowekwa usiku kucha hazihitaji mtu wa kuzitazama. Anayezimimina majini kabla ya kulala ametumia dakika mbili tu, na kesho yake amepunguza moto kwa kiasi kikubwa. Vivyo hivyo muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa ambayo majirani zetu Wakamba huyapika pamoja na maharage au mbaazi, mfano wa pure yetu. Yakirowekwa usiku, asubuhi huwa yamekwisha kulainika nusu ya safari.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: siku moja ya mapumziko ichemshe nafaka za siku kadhaa. Mbaazi, kunde na maharage yachemshwe kwa maji na chumvi tu hadi yaive, yapozwe upesi, yagawanywe katika vyombo vidogo vyenye vifuniko, na yawekwe kwenye friji. Yatakaa siku tatu au nne. Yakigandishwa hukaa zaidi. Usitie tui siku hiyo. Tui huchacha haraka, hasa katika joto la Kibwezi na pale umeme unapokatika. Liongezwe jioni ile ile ya kula, na mbaazi za nazi zitakuwa tayari kabla wali haujakauka. Rojo la vitunguu na nyanya nalo laweza kukaangwa mara moja kwa juma zima.

Kanuni ya pili ni kwa asiye na friji. Atafute kikapu kikubwa chenye kifuniko, akitandike ndani kwa mablanketi makuukuu au mto uliojazwa pamba au vitambaa. Chakula kikishachemka vya kutosha juu ya moto, sufuria ifunikwe barabara, itiwe kikapuni na kuzungushiwa joho hilo. Joto lililomo ndani litaendelea kupika kwa saa kadhaa bila kuni wala gesi. Tahadhari ni mbili. Maharage mekundu yamwagwe maji ya kurowekea, kisha yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua kumi kabla ya kuingia kikapuni, kwani yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi. Na chakula kikitolewa kirudishwe motoni kichemke tena kabla ya kuliwa.

Kanuni ya tatu ni kupanga siku, ili mama asifike mlangoni akiwa bado anajiuliza leo tunakula nini. Jumatatu na Alhamisi, ambazo wengi hufunga sunna, ziwe na kile kilichokwisha kuchemshwa: mbaazi au kunde za nazi, na uji wa mtama kwa futari. Jumanne ipikwe mseto wa mchele na pojo, kwani pojo huiva upesi kuliko nafaka nyingi za jamii yake, na sufuria ni moja tu. Jumatano iwe ya mboga za majani na ugali. Ijumaa iachiwe pilau au biriani, na ipikwe na watu zaidi ya mmoja.

Katika kukimbizana na saa, lisisahauliwe jambo moja lenye uzito wa roho za watu. Mwaka 2004, Makueni na Kitui zilikuwa kitovu cha msiba wa sumukuvu nchini Kenya. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, mengi yakiwa yamehifadhiwa majumbani kabla hayajakauka vizuri. Sumu hiyo haitoki kwa kupika. Kukoboa huipunguza, lakini hakuimalizi. Anayenunua gunia kwa haraka siku ya soko na kuliegemeza ukutani anahatarisha watoto wake. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na unyevu. Na punje zilizobadilika rangi au kunuka uvundo zitupwe, wasipewe hata kuku. Kazi hii ya ghala si lazima iwe ya mama. Baba na vijana wana migongo na macho pia.

Na hapo ndipo tunapofikia swali la kichwa cha makala haya. Katika nyumba nyingi zetu, mke ameongezewa kazi ya ofisini bila kupunguziwa ya jikoni, na wapo wanaodhani kuwa dini ndiyo iliyoamrisha hivyo. Tutazame yaliyo katika vitabu vyetu wenyewe. Sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa na masheikh wetu kwa vizazi, imewekwa wazi kwamba chakula cha mke ni juu ya mume. Na mume akimpa nafaka, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi, gharama ya kuisaga na kuioka nayo ni juu yake. Wanazuoni wengine waliona kwamba mke hutumikia nyumba yake kwa kadiri ya desturi ya watu wake, na kauli yao ina heshima. Lakini katika madhehebu yetu, mke anapopika anafanya hisani. Hisani hushukuriwa, haidaiwi kwa ukali. Aidha, mshahara wake ni mali yake. Akichangia nyumba, hiyo ni sadaka na wema, nao wajibu wa mume haujaondoka.

Tuna pia mfano ulio juu ya mifano yote. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Na Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume, mikono yake iliathirika kwa kusaga nafaka kwa jiwe, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume hakumkemea wala hakuudharau uchovu wake. Alimwendea usiku ule ule nyumbani kwake, akamfundisha yeye na mumewe tasbihi 33, tahmidi 33 na takbiri 34 za kusoma wakati wa kulala, akawaambia kuwa hizo ni bora kwao kuliko mtumishi. Tunaosoma tasbihi hizo kila usiku tukumbuke kwamba tulizipata kwa sababu mwanamke mmoja alisema waziwazi kuwa amechoka.

Kwa hiyo, dada uliye Kibwezi au kwingineko, sema. Chagua saa ya utulivu, baada ya chakula na si kabla yake, mkae na baba watoto mgawane kazi kwa majina: nani huroweka, nani huchagua nafaka, nani hukuna nazi, nani huosha vyombo, nani hununua. Mtoto wa kiume wa miaka kumi anaweza kuchambua kunde kama dada yake, na mke wake wa kesho atawaombea dua wazazi waliomfunza. Mfanyakazi wa nyumbani akiwepo, alipwe haki yake kwa wakati na ale kile mnachokula.

Nawe mume usomaye haya, ukifika nyumbani wa kwanza, usingoje. Mbaazi zimekwisha rowekwa, na kuinjika chungu hakumpunguzii mwanamume heshima aliyopewa na Mola wake.

Mwenyezi Mungu abariki riziki zetu, azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, na awape afya mama zetu wote wanaohangaika nje na ndani. Amin.

Wabillahi tawfiq.