Antivairasi Haimzuii Tapeli Mwenye Laini Iliyosajiliwa

Kila muhula wanafunzi huniuliza antivairasi ipi inafaa kuwekwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Ni swali halali, nami nitalijibu. Hata hivyo nalitilia shaka, kwa kuwa limetuzoesha kuamini kwamba usalama wa mtandaoni ni bidhaa ya dukani, na kwamba aliyeibiwa ni yule ambaye hakuinunua. Imani hiyo inawanufaisha watu wawili: muuza programu, na ofisa asiyependa kuulizwa.

Jibu ni fupi. Windows halali huja na kinga yake, Microsoft Defender, isiyolipiwa. Kwa mtumiaji wa kawaida inatosha, mradi mfumo wenyewe unasasishwa. Na wenye Windows 10 wakumbuke kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kinachotuangamiza ni Windows ya wizi tunayopakiwa kwa flashi, pamoja na programu ya kuvunja leseni. Mara nyingi maelekezo ya programu hiyo huanza kwa kukutaka uzime kinga kwanza. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani anastahili kuulizwa anakuja kufanya nini. Kununua antivairasi ya bei ghali juu ya mfumo wa namna hiyo ni kupoteza fedha.

Jibu hilo, hata hivyo, linawafaa wenye kompyuta. Toka Chalinze uelekee kaskazini, kata kushoto pale Mkata uingie Handeni, au endelea mpaka Segera na ufike Korogwe. Katika nyumba nyingi za huko, za wakulima wa mahindi na machungwa na za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, kompyuta ni simu, na benki ni laini iliyomo ndani yake. Mwizi wa nyumba hizo hana haja ya kirusi. Hutuma ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii," akitumaini kwamba miongoni mwa watakaoupokea yupo mzazi anayesubiri kutuma ada. Au hupiga simu kwa sauti ya upole, akidai fedha zimeingia kwako kimakosa. Hakuna antivairasi inayosikiliza mazungumzo hayo.

Zipo pia programu za mikopo. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Utaratibu wa wakopeshaji wa aina hiyo unajulikana: programu huomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu, na mwenye shida hubonyeza "kubali". Siku ya marejesho ikipita, ujumbe wa fedheha humfikia mkwe, mwajiri na mchungaji. Antivairasi inaweza kukaa kimya, kwa kuwa mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuwageukie wenye dhamana. Mwaka 2019 wananchi walianza kusajili laini zao kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Watu walipanga foleni tangu alfajiri. Waliambiwa kwamba mhalifu hatakuwa tena na pa kujificha. Basi kila ujumbe wa kitapeli unaotumwa leo kwa laini ya nchini una kidole nyuma yake. Ni cha nani? Wakati mwingine ni cha bibi aliyeambiwa na wakala wa mtaani, "Weka dole tena, mtandao umekataa," akasajiliwa laini ya pili asiyoijua.

Wala tusiambiwe kwamba kumpata mtu mtandaoni ni kazi isiyowezekana. Mwaka 2016, kabla ya usajili huo wa vidole, mtu mmoja alitiwa hatiani mjini Arusha kwa kumtukana Rais kwenye Facebook, akapewa adhabu ya kifungo cha miaka mitatu au faini ya shilingi milioni 7. Yaelekea uwezo wa kutafuta upo pale anayeumizwa anapokuwa mkubwa.

Nitajibiwa kwamba elimu inatolewa: ipo kampeni ya "Sitapeliki", na ipo namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa kitapeli. Sizidharau. Lakini penye kipindupindu hatuishii kuwaambia watu wachemshe maji. Tunakwenda pia kuziba bomba lililopasuka. Elimu isiyofuatwa na uwajibikaji ni njia ya heshima ya kumlaumu aliyeibiwa.

Nadai mambo matatu. Kwanza, anayeripoti kupitia 15040 ajulishwe kilichofanyika, na takwimu za laini zilizofungwa na kesi zilizofunguliwa zitolewe kwa kila wilaya. Pili, halmashauri za Handeni na Korogwe zibandike orodha ya Benki Kuu katika ofisi za kata na vijiji, pale panapobandikwa matangazo ya michango. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imtaka mkusanyaji wa taarifa azitumie kwa lengo alilozikusanyia tu. Tume yake iwafikie waliodhalilishwa na wakopeshaji hao, badala ya kuwasubiri waifuate Dodoma.

Wanafunzi wangu, mkienda likizo kaeni na wazazi. Pigeni *106# mwone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa vitambulisho vyao, na zile wasizozitambua waende nazo kwa mtoa huduma zifutwe. Ondoeni programu zinazosoma majina bila sababu. Wakumbusheni kulisoma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Kisha andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, muulize orodha ya Benki Kuu imebandikwa wapi.