Wanaojifunza programu wafundishwe kutunza matoleo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu jinsi vijana wetu wanavyofundishwa kuandika programu za kompyuta.

Muhula uliopita mwalimu mwenzangu na mimi tuliandika programu ndogo ya kujumlisha maksi, tukawa tunapeana flashi. Baada ya wiki mbili tulikuwa na mafaili manne: "maksi", "maksi mpya", "maksi mwisho" na "maksi mwisho kabisa". Jioni moja yeye alirekebisha lake, nami langu, kisha langu likalifunika lake. Kazi ya siku tatu ikapotea, na wastani wa darasa ukaanza kutoka kichekesho. Hakuna aliyejua nani alibadili nini. Tulinuniana.

Kumbe dawa ipo tangu mwaka 2005, Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, alipotengeneza Git ili waandishi wengi wa Linux wafanye kazi pamoja bila kukanyagana. Wala si ngumu. Amri ya "git init" hufungua daftari la kumbukumbu ndani ya folda ya kazi. "git add" huchagua mabadiliko, na "git commit" huyaandika daftarini pamoja na jina, tarehe na maelezo mafupi ya sababu. Ukiharibu leo, unarudi kwenye toleo la jana. Ukitaka kujaribu jambo, unafungua tawi pembeni. Likifaulu unaliunganisha, likishindwa unalitupa. Wawili wakibadili mstari uleule, Git husimamisha uunganishaji na kuwataka waamue wenyewe. Sisi tungeamua kwa dakika tano.

Vijana ninaowafahamu, waliotoka kwenye kozi mjini, wanajua lugha mbili tatu za programu lakini hili hawakuguswa nalo. Wengine huniambia kwamba ni jambo la wenye intaneti. Si kweli. Wanachanganya Git na GitHub, ambayo ni ghala la mtandaoni lililofunguliwa mwaka 2008. Git yenyewe huweka historia yote ndani ya kompyuta yako, hivyo hata mtandao ukipotea huku kwetu kandokando ya Ruvuma, kazi inaendelea. Ila nakala iwepo pia kwenye flashi, maana kompyuta ikifa hufa na daftari lake. Na maksi za watoto zisianikwe kwenye ghala la wazi.

Lugha nayo isiwe kisingizio. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, wakatafuta maneno pale yalipokosekana.

Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania itupatie kijitabu cha Kiswahili cha kurasa chache juu ya somo hili, na vyuo vya ualimu vilifundishe wiki ya kwanza kabisa ya kuandika programu. Je, wahusika wanasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mahurunga, Mtwara.