Wimbo wenye anwani

Bwana mmoja tuliyekuwa naye barazani baada ya sala ya alasiri alinicheka, kwa sababu nilisema kuna wimbo wa mashabiki wa kandanda ambao wastahili kuangaliwa na watu wa mashairi. Akasema, "Ewe malenga, hata wewe umeingiwa na ushabiki? Kelele za uwanjani nazo zimekuwa tungo?" Sikumjibu siku ile, kwani kahawa ilikuwa imekwisha na kila mtu akashika njia yake. Namjibu leo mbele ya wasomaji, nao ndio watakaoamua baina yetu.

Wimbo wenyewe waitwa "Tom Hark (We Want Falmer!)". Ulitolewa Januari 2005 na kikundi kilichojiita Seagulls Ska. Ndege shakwe ndiye lakabu ya timu ya Brighton and Hove Albion, ya mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, na waimbaji hao walikuwa mashabiki wa timu hiyo. Kiongozi wao ni John Baine, ajulikanaye kwa jina la jukwaani la Attila the Stockbroker. Huyu ni mshairi wa kusema kwa mdomo mbele ya watu, na ndiye aliyekuwa mshairi wa klabu na mpiga santuri wa uwanjani siku za mechi. Santuri ilitolewa na Skint, kampuni ya hapo hapo Brighton, iliyokuwa pia ikiidhamini timu. Leo ni santuri ya nadra, na nje ya mji ule ni wachache wanaoikumbuka.

Kisa chake ni hiki. Timu hiyo ilikuwa na uwanja wake, Goldstone, iliyouchezea tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wakubwa wa klabu wakauuza. Mashabiki walipiga makelele, waliandamana, lakini mnada ulikuwa umekwisha. Tarehe 26 Aprili 1997 ikachezwa mechi ya mwisho, dhidi ya Doncaster Rovers, na baadaye pakajengwa maduka pale palipokuwa na magoli. Kwa miaka miwili timu ikawa mgeni katika uwanja wa Gillingham, umbali wa maili 70 hivi. Fikiri, msomaji: mechi ya nyumbani, nawe wasafiri maili 70 kuifuata! Mwaka 1999 wakarudi mjini, lakini wakapewa Withdean, kiwanja cha wakimbiaji riadha, chenye majukwaa ya kuungaunga na njia ya mbio baina ya mtazamaji na mpira.

Pakapatikana mahali pa kujenga, penye kijiji cha Falmer ukingoni mwa mji. Lakini ruhusa ilikuwa na wapinzani wake, vikao vikafuatana na vikao, hata uamuzi ukawa mezani kwa mtu mmoja: John Prescott, Naibu wa Waziri Mkuu. Hapo ndipo mashabiki walipotunga wimbo wao. Waliutoa mapema Januari, wakati ambapo watu wamekwisha kumaliza fedha zao kwa sikukuu na santuri huuzwa kwa uchache, hivyo wanunuzi wachache huweza kumpandisha mtu juu. Hesabu yao haikukosea. Wimbo ukafika nafasi ya 17 katika orodha ya santuri zinazouzwa sana Uingereza nzima, na jina la kijiji kidogo likasomwa redioni.

Sasa narudi kwa bwana wangu wa barazani. Ukiutafutia wimbo huo vina vya kati na vya mwisho kama tufanyavyo sisi, hutavipata. Ukiutafutia mafumbo, utachoka. Ni wimbo wa kuimbwa na umati wenye mafua katika baridi ya Januari. Hayo nayakubali. Lakini je, tungo ni vina na mizani tu? Madrasa tulifunzwa kwamba amali huenda na nia. Nami nasema tungo nayo huulizwa swali hilo hilo: umetumwa na nani, kwa nani, kutaka nini? Wimbo wa Brighton wajibu yote matatu bila kusita. Watumwa na watu waliopokonywa kwao. Waenda kwa mwenye kalamu ya kutia sahihi. Wataka uwanja, mahali fulani, unaojulikana kwa jina. Huo ndio wimbo wenye anwani.

Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hilo. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, hakutunga kwa ajili ya vitabu. Alitunga juu ya Mombasa ya siku zake, Wamazrui na Seyyid Said, njaa na shibe, madai na majibu, na mashairi yake yakatembea mitaani kwa midomo ya watu. Babu zetu walikuwa wakipelekeana tungo kama watu wapelekeanavyo barua, na mpelekewa alijua kwamba asipojibu ameshindwa. Leo tungo zetu nyingi zasifu mapenzi na kulaumu dunia, lakini dunia haina mlango wa kubishwa. Anayeilaumu dunia hamlaumu mtu.

Nisije nikaambiwa natia chumvi, nasema wazi kwamba wimbo peke yake haukujenga uwanja. Prescott alitoa ruhusa Oktoba 2005. Ikapingwa tena kisheria, ikatenguliwa, na ikabidi waziri mwingine, Hazel Blears, aitoe upya Julai 2007. Kulikuwa na mawakili, maombi yenye sahihi nyingi, na watu walioacha kazi zao kuhudhuria vikao. Wimbo ulikuwa ukuni mmoja katika moto huo. Lakini ndio ukuni uliofanya moshi uonekane mbali. Mechi ya kwanza ya ligi katika uwanja wa Falmer ilichezwa tarehe 6 Agosti 2011, na mgeni alikuwa nani? Doncaster Rovers, wale wale waliozika Goldstone miaka 14 nyuma! Brighton wakashinda mabao mawili kwa moja.

Hapa ningeweza kuweka kalamu chini, bwana yule akawa amekwisha kujibiwa. Lakini kuna upande wa pili wa santuri, na upande huo wanikera.

Sauti ya wimbo huo si ya Brighton. Mashabiki waliichukua kwa The Piranhas, kikundi cha mji wao kilichoiimba mwaka 1980, na hao nao waliitoa Johannesburg. Mwaka 1958 "Tom Hark" ilifika nafasi ya pili Uingereza, ikipigwa na Elias and His Zig Zag Jive Flutes, vijana Waafrika wenye filimbi za bati zenye matundu sita. Muziki wao ukiitwa kwela. Ni neno ndugu wa "kwea" letu, na ndilo lililokuwa jina la gari la polisi, kwa vile waliokamatwa waliamriwa wapande. Hata santuri ile yaanza kwa maongezi ya wacheza kamari wa barabarani wanaotahadharishana kwamba gari laja. Furaha yote ile ilizaliwa chini ya ubaguzi wa rangi.

Mmoja wa wapiga filimbi hao, Aaron Lerole wa Alexandra, alisema kwamba yeye ndiye aliyeitunga sauti ile. Lakini jina lililoandikwa katika hati ni la Rupert Bopape, msimamizi wa kurekodi. Wanamuziki weusi wa zama hizo kwa kawaida walilipwa mara moja tu studioni, ujira wa siku, kisha faida ikashika njia nyingine. Lerole alifariki mwaka 2003. Leo viwanja vingi vya Uingereza hupiga sauti hiyo bao likiingia, maelfu wakaruka kwa shangwe, na ni wangapi kati yao wajuao kwamba wanarukia filimbi ya kijana wa Alexandra?

Siwalaumu mashabiki wa Brighton, kwani wao walidai haki yao kwa sauti waliyoikuta mjini kwao. Ila nasema kwamba mwenye kudai haki yake kwa wimbo ana deni la kumtaja aliyempa sauti. Jambo hilo latuhusu sisi pia. Ni nyimbo ngapi za harusi na za ngoma za Pwani zimerekodiwa, zikauzwa, na mtungaji hata jina hakuandikwa?

Tena sisi wa Mombasa twajua ladha ya kukosa uwanja. Uwanja wa Manispaa ulipovunjwa katika miaka ya 2010 ili ujengwe upya, msimu ulipita na msimu ukaja, mpira ukahamia kwingine, nasi tukanung'unika barazani. Tulinung'unika kwa ufasaha mkubwa, na ufasaha huo ukaishia kikombeni. Sikusikia shairi moja lililotaja jina la uwanja, jina la afisi na siku ya kujibu. Malenga tunao, na mimi najihesabu katika wenye lawama hiyo.

Basi, bwana wangu wa barazani, usicheke tena kelele za uwanjani kabla hujauliza zapelekwa kwa nani. Nami nafunga kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yetu:

Tungo ikitumwa mbali, yataka ijue nyumba,
Iseme neno la kweli, bila mno kujigamba,
Mwenye filimbi asili, asiachwe akiomba,
Ngoma haiwi halali, mpiga asipolipwa.