Jasho ni la mwanariadha, takwimu ni za nani?

JANGA la Covid-19 lilipofunga viwanja mwaka wa 2020, spoti haikufa bali ilihama. Oktoba 4 mwaka huo, zaidi ya watu 37,000 walimaliza mbio za London Marathon, kila mmoja akikimbia mahali alipokuwa huku simu yake ikituma umbali na muda kwa waandalizi. Disemba, Shirikisho la Kimataifa la Uendeshaji Baiskeli (UCI) liliandaa mashindano ya dunia ambapo washiriki walishindana wakiwa majumbani, baiskeli zao zikiwa zimefungwa kwenye mitambo inayopima nguvu za miguu.

Siri ya mambo haya ni vitambuzi, vifaa vidogo vinavyotiwa ndani ya saa, viatu, mikanda ya kifuani na hata mipira. Saa hupokea mawimbi ya setilaiti ili kubaini umbali na kasi, na humulika ngozi ya mkono ili kuhesabu mapigo ya moyo. Mpira uliotumiwa katika Kombe la Dunia nchini Qatar mwaka wa 2022 ulikuwa na kitambuzi kilichotuma habari mara 500 kwa sekunde.

Kwa Kenya, suala hili si la anasa. Mwanariadha anaweza kufanya mazoezi Iten ilhali kocha au wakala wake yuko Ulaya, akisoma mapigo ya moyo wake kabla hata hajavua viatu. Manufaa yapo. Kocha hung'amua uchovu mapema na kupunguza mazoezi kabla ya jeraha kutokea.

Hata hivyo, upanga huu hukata kuwili. Takwimu zinazoonyesha nguvu ndizo hizo zinazofichua udhaifu. Mdhamini anayeona kwamba kasi imeanza kushuka ana silaha mkononi siku ya kujadili mkataba mpya, na huenda mwanariadha asijue kilichomponza.

Kwingineko mipaka imeanza kuwekwa. Mwaka wa 2021, UCI ilipiga marufuku matumizi ya vitambuzi vya kupima sukari mwilini wakati wa mashindano.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti, na humpa mhusika haki ya kujua zinavyotumiwa. Lakini sheria haiwezi kumsomea chipukizi mkataba anaotia saini kwa pupa ili apate viatu na nauli ya ndege.

Hapa ndipo Chama cha Riadha Kenya (AK) kinapopaswa kuingilia kati na kudai kila mkataba utaje bayana ni nani atakayeona takwimu hizo, kwa muda gani, na zitafutwa lini.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa daftari lipo, tena linajiandika lenyewe. Kasoro ni kwamba limo mikononi mwa mwingine.