Usukani Ufundishwe Hata Garissa

Huenda mwalimu wa Garissa akauliza usukani unamhusu nini, ilhali bahari iko mbali. Namkumbusha Aprili 2024: Mto Tana ulifurika, barabara ikakatika, mashua ya abiria ikapinduka Kona Punda, roho zikapotea. Chanzo chake si hoja yangu. Hoja ni kwamba twavuka maji tusiyoyasoma.

Usukani hutii pale tu maji yanapopita ubavuni mwake. Chombo kinachochukuliwa na mkondo kwa kasi ile ile ya maji hakigeuki, hata nahodha avute kana vipi. Tena ubao mrefu ufaao baharini hukwama mchangani. Mtoni wafaa mfupi, mpana, unaoinuka.

Haya yote ni fizikia. Nawasihi walimu wayafundishe, na wanafunzi wachonge vielelezo wavijaribu. Elimu isiyotuvusha mto wetu ina faida gani?