Anayepunguza unene asinyang'anywe halua

Kila inapokwisha sikukuu, na kila unapoanza mwaka mpya, huzuka mijini wimbi la viapo. Mfanyakazi aliyeona suruali yake imekataa kufungika huapa mbele ya wenzake kwamba tangu siku hiyo hatagusa tena maandazi, chapati, pilau, soda wala halua. Mama aliyeambiwa zahanati kwamba shinikizo lake la damu limepanda, na kwamba hana budi kupunguza uzito, huzidisha: huondoa sukari yote jikoni, akawanyima hata wageni. Viapo hivyo hutolewa kwa nia njema, na nia hiyo yastahili heshima. Lakini wengi wa walioapa huonekana kabla ya mwezi kwisha wakila kwa siri, tena kwa pupa, vitu vile vile walivyovikana. Na baada ya hapo huona haya, wakaiacha jitihada yote. Watu hao husemwa kuwa ni walegevu. Ukweli ni kwamba wamefundishwa njia mbaya.

Jambo lenyewe si la mzaha, wala si la urembo peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49, wenye uzito uliopita kiasi walikuwa 18 katika kila 100 mwaka 2004-05. Wakafika 22 mwaka 2010, na 28 mwaka 2015-16. Uchunguzi mwingine uliofanywa mwaka 2012 miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba kiasi cha watu 9 katika kila 100 wana kisukari. Kisukari ndicho kipofushacho macho, ndicho kiharibucho figo, ndicho kimfikishacho mtu kwenye meza ya daktari wa upasuaji akatwe mguu ulioanza kwa kidonda kidogo cha kiatu. Mkulima aliyekatwa mguu halimi, na dereva asiyeona vizuri haendeshi. Hasara hiyo haibaki nyumbani kwa mgonjwa tu.

Yafaa ikumbukwe kwamba taifa hili si geni katika kufundishana juu ya chakula. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ya Chakula ni Uhai. Mamilioni ya wananchi wakakusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana na kutenda. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo ilipoundwa kwa sheria taasisi ya taifa ya chakula na lishe. Adui mkubwa wa wakati ule alikuwa upungufu: mtoto aliyedhoofika, mama asiye na damu, ghala tupu. Adui huyo hajaondoka. Lakini pembeni yake amesimama wa pili, na si ajabu siku hizi kukuta katika nyumba moja mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa kupita kiasi, wote wawili wakila katika sufuria moja.

Wazee wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 watakumbuka pia foleni za sukari. Kilo moja ilikuwa habari ya kusimuliwa mtaani. Hakuna mwenye akili anayetamani siku zile zirudi. Walakini kuna jambo moja ambalo uhaba ulilifanya bila kuombwa. Uliyaweka mapochopocho mahali pake. Pilau ilikuwa ya Idi, ya Krismasi na ya arusi. Soda ilikuwa ya mgeni, na watoto waligawana chupa moja kwa zamu huku kila mmoja akichunga koo la mwenzake. Leo pilau iko mgahawani kila adhuhuri, chipsi mayai ziko kila kona hadi usiku wa manane, na soda imekuwa kama maji. Kipimo kilichokuwa kikiwekwa na duka tupu, sasa mtu hana budi kukiweka mwenyewe. Na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu duka halina uchu na mtu anao.

Kadhalika mtu anayetaka kupunguza unene hukutana na maoni mawili yanayopingana. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, kitambi kilikuwa alama ya kupe na mnyonyaji. Majumbani, kwa upande mwingine, unene umeendelea kusifiwa: bibi arusi aliyenenepa baada ya harusi huonekana ametunzwa, na mume aliyekonda humletea mkewe masengenyo. Tangu ugonjwa wa Ukimwi uingie, mwanamke anayepungua kilo kumi hutazamwa kwa jicho la mashaka na kuulizwa maswali yasiyo na adabu. Mtu wa namna hiyo, anayehitaji kuungwa mkono, hana haja ya kuongezewa mzigo wa kiapo kisichotimizika.

Kwa nini kiapo hakitimizwi? Mwaka 1975 watafiti Herman na Mack walichapisha matokeo ya jaribio ambalo limezungumzwa sana tangu hapo. Baadhi ya wanawake walinyweshwa kwanza maziwa matamu mazito, kisha wakawekewa aiskrimu wale kadiri wapendavyo. Wale wasiokuwa na desturi ya kujinyima, waliponywa maziwa, walikula aiskrimu kidogo, kama mtu yeyote aliyeshiba atakavyofanya. Wale waliokuwa na desturi ya kujinyima walifanya kinyume chake: baada ya maziwa walikula aiskrimu zaidi kuliko wenzao wa tabia hiyo hiyo ambao hawakunywa chochote. Nidhamu yao ilisimama juu ya ukuta mmoja. Tofali moja lilipodondoka, waliona ukuta wote umekwisha anguka, basi na tule. Kila aliyewahi kula andazi moja asubuhi kinyume cha kiapo chake, kisha akasema moyoni kwamba siku imekwisha haribika na kuongeza manne, anaifahamu hali hiyo bila kusomewa na mtafiti.

Kabla ya hapo, mwaka 1944 na 1945, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani alikuwa amewachunguza vijana 36 waliojitolea kula takriban nusu ya chakula chao cha kawaida kwa muda wa miezi sita. Walikonda kweli. Lakini fikra zao zote ziligeuka kuwa chakula: waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya, na walipofunguliwa, baadhi yao walikula bila kuona mwisho wa shibe. Hao walikuwa vijana wenye afya na msimamo, waliokataa kushika silaha kwa imani zao. Ikiwa hao walitawaliwa na njaa namna hiyo, karani anayetoka kazini saa kumi na moja jioni, akapita mbele ya karai la mihogo ya kukaanga hali hakula tangu asubuhi, atalaumiwa kwa lipi?

Sasa ifanywe hesabu, kwa maana hesabu ndiyo inayosahauliwa na waapaji. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, na kijiko kidogo kisichojaa kupita kiasi hubeba gramu 4 hivi. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula vijiko 12, yaani karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifike sehemu ya kumi ya nishati yote ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, na kwamba ingefaa zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Maana yake ni kwamba mnywaji huyo wa chai ameumaliza mgao wake kabla ya kuonja kitu chochote alichokiita anasa. Soda moja ya mililita 350 huwa na kiasi cha gramu 35 hadi 39. Anayekunywa moja kila siku hupokea kiasi cha kalori 1,000 kwa juma, wala hazimshibishi.

Mlinganishe mtu huyo na yule anayekula kipande cha halua kila Ijumaa jioni. Hata kipande hicho kikihesabiwa kuwa na kalori 250, ni robo tu ya soda za juma zima. Lakini mtu akianza kupunguza unene, halua ndiyo ya kwanza kuhukumiwa, kwa kuwa ina jina na siku yake na furaha yake; chai yenye vijiko vitatu hupita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho. Mafuta nayo hupita vivyo hivyo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, na kuna mapishi ya mchicha ambamo mchicha wenyewe ni mgeni tu ndani ya mafuta.

Anayepunguza vijiko vya chai kutoka vitatu hadi kimoja, kwa vikombe vyake vinne, ameokoa kalori 128 kila siku bila kuonja njaa hata kidogo. Ulimi hulalamika kwa majuma mawili matatu, kisha huzoea, hata chai ya zamani ikawa kama sharubati. Katika akiba hiyo halua ya Ijumaa imo, na baki inabaki.

Watu wa pwani walikwisha lifahamu jambo hili kwa desturi, kabla kalori haijapata jina la Kiswahili. Halua ya Unguja, iliyo ndugu ya ile ya Omani, hupikwa kwa sukari, wanga na samli, ikatiwa iliki na zafarani. Ni nzito, na mpishi wake hukoroga hadi mkono ukauma. Huliwa kidogo kidogo, kwa kahawa chungu isiyotiwa sukari, katika vikombe vidogo, watu wakiwa wameketi na mazungumzo yanaendelea. Uchungu wa kahawa huukatiza utamu, na mazungumzo huukatiza mkono. Anayeila halua hiyo hiyo kwa kijiko, amesimama jikoni peke yake usiku, moja kwa moja kutoka kwenye kikapu chake, amekula kitu kingine kabisa.

Ndiyo kusema mtu achague. Si kila kitamu kilichopo mbele yake kina thamani sawa. Andazi la jana lililopoa, lililoliwa kwa kuwa tu lilikuwa mezani ofisini, halistahili nafasi ya pilau ya shangazi. Achague kimoja anachokipenda kwa dhati, akipangie siku, akile ameketi, asikile akiwa na njaa kali, na akimaliza asijiadhibu kesho yake kwa kushinda na maji matupu, kwani adhabu hiyo ndiyo mwanzo wa pupa nyingine. Akizidisha siku moja, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mlo unaofuata uwe wa kawaida. Arusini apokee sahani, amshukuru mwenyeji, ale nusu na mboga zote. Hakuna shangazi aliyewahi kukasirikia sahani iliyosifiwa.

Wala mafanikio yasipimwe kwa ndoto ya kurudia umbo la usichana au ujana. Katika uchunguzi mkubwa uliochapishwa huko Marekani mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea kwa haraka au kufanya mazoezi mengine dakika 150 kwa juma lilipunguza ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki hata kilo 6. Hilo ni jambo la mwaka mmoja wa uvumilivu, na mwaka una Idi mbili na Krismasi ndani yake.

Haya hayamhusu kila mtu kwa namna moja. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge, afuate kipimo alichopewa na daktari wake, wala asibadilishe chakula wala dawa kwa kusoma gazeti. Na wapo watu wanaojijua kwamba korosho za sukari zikiingia nyumbani hazilali. Hao heri wazile barazani kwa jirani kuliko kuzinunua kwa kilo. Ama wale wauzaji wa majani na unga wa kukondesha, wanaoahidi kilo kumi kwa siku kumi huku mteja akila apendavyo, hao wanachuma kutokana na aibu ya watu, na ni vizuri mamlaka zinazohusika na dawa na vyakula ziwatembelee bila kuwapigia simu kwanza.

Liko jambo dogo ambalo viongozi wa kila mahali pa kazi wanaweza kulitengeneza bila kikao wala bajeti. Katika ofisi na viwanda vingi chai ya saa nne huletwa ikiwa imekwisha tiwa sukari ndani ya birika, sawasawa kwa kijana mpagazi na kwa mhasibu aliyeonywa na daktari. Chai hiyo na ichemshwe bila sukari, bakuli liwekwe mezani na kijiko kidogo, na kila mtu atie mwenyewe huku akihesabu.